Mbio za matanga mtandaoni: mbona mstari mnyoofu ndio unaonichelewesha?

chumvi_kidogo (Kigamboni)

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa anayeijua vizuri Virtual Regatta, ile ya bahari kuu, si ile ya dakika chache ya kuzunguka maboya.

Nacheza tangu Novemba 2024, nilipoingia kwenye Vendée Globe ya mtandaoni, zile mbio za kuzunguka dunia. Nafanya kazi kituo cha mafuta, zamu ya usiku, kwa hiyo simu iko mkononi na kati ya gari na gari nina muda wa kuangalia mashua yangu. Sijalipia chaguo lolote la ziada. Tanga nabadilisha mwenyewe kwa mkono.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mbio za kuvuka Atlantiki, kutoka pwani ya Ureno kwenda Karibi. Siku ya tatu nilikuwa nafasi ya 3,112, sijawahi kufika hapo tangu nianze. Nikafungua ramani, nikaona kundi kubwa linashuka kusini kuelekea Visiwa vya Kanari, wameiacha njia kabisa. Mimi nikaelekeza omo, yaani mbele ya mashua, sawasawa na Karibi. Kwa saa kumi na mbili nilipanda mpaka 1,940, roho imetulia. Halafu upepo ukaanza kufa. Noti 9 (noti ni maili ya baharini kwa saa), noti 6, noti 4. Saa kumi alfajiri mashua ilikuwa inakwenda noti 2.3, na wale wa kusini wanakata 17. Nilitoka pale baada ya siku nzima na zaidi. Nafasi ya 19,460.

Maswali yangu ni mawili. Njia ya haraka mnaijuaje kabla hamjaipita? Na hizi programu za kompyuta zinazochora njia, ni za kuaminiwa? Nataka nijiandae kwa Route du Rhum, mbio za kuvuka Atlantiki, ya Novemba 2026, nisirudie kosa lile.

simba_wa_maji

Kaka usijichoshe. Mtafute aliye nafasi ya kwanza, mguse uone omo lake limeelekea wapi, weka lako vilevile. Akigeuza, geuza. Ndivyo ninavyofanya na sijawahi kubaki mkiani.

mpima_Tanga

chumvi_kidogo, pole sana mdogo wangu. Kukaa katikati ya shwari usiku kucha ukiangalia namba ya nafasi ikiporomoka kunauma, na anayesema ni mchezo tu hajawahi kuwekea mbio siku kumi za maisha yake.

Mimi ni mpima ardhi, mwanamke wa miaka 51, nacheza mbio hizi tangu 2016. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako ndilo swali lenyewe.

Kwanza simba_wa_maji, samahani, ushauri wako siukubali. Aliye mbele yako maili 200 yumo kwenye upepo mwingine. Yeye amegeuza kwa sababu upepo wake umegeuka. Ukigeuza dakika hiyohiyo ukiwa nyuma, unageuza kwenye upepo ambao bado haujageuka, na unalipa gharama ya kugeuza bila kupata chochote. Tena huyo wa kwanza leo ni wa kwanza kwa maili zilizobaki tu. chumvi_kidogo naye alipanda mpaka 1,940 wakati anaingia shimoni.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mchezo unapanga nafasi kwa umbali uliobaki mpaka mwisho, hauhesabu muda uliobaki. Anayeelekea moja kwa moja atapanda, hata kama mbele yake hakuna upepo. Mimi nikiwa katikati ya bahari siangalii nafasi kabisa. Ninaandika kwenye daftari saa ambayo programu inasema nitafika, na kila utabiri mpya nikiandika nyingine. Saa ya kufika ikisogea mbele au ikirudi nyuma, hiyo ndiyo habari ninayoitaka.

Sasa lile shimo. Wanaosikiliza utabiri wa msimu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanayajua majina haya: migandamizo mikubwa ya hewa ya Azores, St. Helena na Mascarene. Wanaitaja kila msimu kwa sababu inahusika na mvua zetu. Azores ndiyo iliyokumeza. Katika nusu ya kaskazini ya dunia hewa inauzunguka mgandamizo mkubwa kwa mwendo wa mishale ya saa, na katikati kunakuwa shwari. Kwa hiyo upande wa mashariki, pale pwani ya Ureno, upepo unatoka kaskazini. Ukishuka kwenye Kanari unatoka kaskazini-mashariki. Ukielekea Karibi kwa upande wa kusini unakuwa wa mashariki, umetulia, unakusukuma mgongoni siku baada ya siku kama kaskazi yetu ya Januari. Wale uliowaona wanashuka kusini walikuwa wanazunguka ukingoni mwa duara. Mstari wako ulikata katikati yake.

Ukubwa wa mchepuko ndio kazi ya kichwa. Ukikaribia mno katikati unapata njia fupi na upepo mwembamba, ukikaa mbali mno unapata upepo mzuri na maili za bure. Mimi huanza kwa kutafuta kwenye ramani ya upepo mstari ambao kusini yake upepo haupungui noti 14 kwa siku tatu zijazo. Si kwa sasa hivi, kwa siku tatu zijazo. Sogeza ule muda wa chini ya skrini taratibu, saa kwa saa, uone shimo linahamia wapi. Mgandamizo hautulii mahali pamoja, na mara nyingi si wewe uliyeingia shimoni, shimo ndilo lililokufuata.

La pili ni pembe, na hapa naomba uweke simu chini uchukue karatasi. Kila mashua ina chati ya kasi, wachezaji wanaiita pola. Inakuambia kwa upepo wa nguvu fulani, ukiwa pembe fulani na upepo, mashua inakwenda noti ngapi, na kwa tanga lipi. Kwenye skrini pembe hiyo imeandikwa TWA. Omo likitazama upepo ni sifuri, upepo ukiwa mgongoni kabisa ni nyuzi 180.

Tuseme upepo ni noti 16 na unakotaka kwenda ni palepale upepo unakovumia. Ukienda nyuzi 180 pola inakupa noti 8.5. Ukienda nyuzi 150 inakupa 12. Lakini ukiwa nyuzi 150 huelekei kwenye lengo, kwa hiyo zidisha 12 kwa kosaini ya nyuzi 30, unapata 10.4. Nyuzi 130 mashua inakimbia noti 14, inapendeza kuitazama, ila zidisha kwa kosaini ya 50 unapata 9 tu. Basi kwa mashua hii na upepo huu unakwenda zigizaga kwa nyuzi 150, hujipeleki moja kwa moja wala huendi kutafuta kasi kubwa. Hesabu hii simu yako inaifanya kwa sekunde tano. Mimi nilichora pola yangu ya kwanza kwenye karatasi ya grafu ofisini, kwa penseli ya kazi, mzunguko mmoja kwa kila noti mbili za upepo, na mpaka leo imebandikwa ndani ya kabati la nguo. Namba zinabadilika mashua kwa mashua, kwa hiyo usichukue hizi zangu, zichukue kwenye pola ya mashua uliyonayo.

Kuna jambo dogo linalowaangusha wengi. Mchezo unakuruhusu kufunga omo kwa dira au kufunga pembe ya upepo. Ukifunga dira na kulala, upepo ukigeuka nyuzi 15 unaamka uko 165 na kasi imekufa. Ukifunga pembe, mashua inapinda pamoja na upepo na kasi inabaki. Karibu na nchi kavu funga dira, maana mashua ikipinda yenyewe itakupeleka kwenye mwamba. Baharini palipo wazi funga pembe.

Kuhusu programu. Mimi natumia qtVlm, ni ya bure, inataka kompyuta. OpenCPN nayo ni ya bure na ina kiongezo cha kupanga njia. Zote zinafanya kazi kwa wazo moja la zamani. R. W. James wa jeshi la maji la Marekani alilieleza mwaka 1957 kwa ajili ya meli kubwa, na wakati huo walichora kwa mkono. Toka ulipo, chora mahali pote unapoweza kufika kwa saa moja kwa kila pembe. Unganisha zile nukta za mbali kabisa, unapata mstari kama ukingo wa wimbi. Kutoka kila nukta ya mstari huo chora tena saa ya pili, ya tatu, mpaka ukingo uguse mwisho wa safari. Kisha rudi nyuma nukta kwa nukta, njia imepatikana. Mistari hiyo inaitwa aisokroni. Ukiitazama inavyotanuka na kunywea inakufundisha kuliko njia yenyewe: ikisongamana, hapo upepo ni haba. Ikipasuka pande mbili, hapo kuna uamuzi wa kufanya na ni wako.

Kuiamini? Iamini hesabu yake, inakokotoa bila kuchoka. Usiuamini upepo wake wa siku ya nane. Upepo wa mchezo unatokana na GFS, modeli ya utabiri wa hewa ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani. Modeli hiyo inakokotolewa mara nne kwa siku, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Matokeo yanatufikia saa nne hadi tano baadaye. Kwa hiyo upepo mpya utegemee kati ya saa moja na saa mbili, asubuhi na usiku, na kati ya saa saba na saa nane, mchana na usiku. Kaka wa zamu ya usiku, ule wa saa saba hadi saa nane usiku ni wako. Huko Ulaya muda huo ni usiku wa manane na wengi wamelala. Wewe uko macho, unaona upepo mpya saa kadhaa kabla yao. Hiyo ni mali.

Mimi huendesha programu mara mbili, kwa utabiri wa sasa na kwa ule uliopita. Njia mbili zikikaa pamoja kwa siku tatu, naifuata bila wasiwasi. Zikiachana mapema, napita katikati yake hata kama ni polepole kidogo, mpaka utabiri ujao uniambie. Sipendi kona za bahari, yaani kwenda pembeni kabisa upande mmoja. Aliyekwenda kona akipatia atawapita watu elfu kumi, akikosea hana pa kurudi.

Usisahau gharama ya kubadilisha tanga na kugeuza. Kila mara mashua inapunguzwa kasi kwa dakika kadhaa. Kama upepo unachezacheza mpakani mwa spinaka, lile tanga kubwa la upepo wa nyuma, na tanga dogo, usibadilishe na kurudisha kila saa. Mwaka 1978, Route du Rhum ya kwanza kabisa, ya mashua za kweli, Mike Birch alimshinda Michel Malinovsky kwa sekunde 98 baada ya siku 23 za bahari. Sekunde 98. Kwenye mchezo ni badiliko moja la tanga ambalo halikuhitajika.

Route du Rhum yenyewe inatoka Saint-Malo, Ufaransa, inaishia Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, maili 3,542. Mwanzoni utakutana na migandamizo midogo ya hewa inayotoka magharibi, upepo wa kusini-magharibi, kisha mpaka wa hewa baridi ukipita unaruka kuwa wa kaskazini-magharibi. Uupokee mpaka huo haraka, geuza unapopita, shuka kusini. Baada ya hapo swali ni lilelile la Azores. Mwishoni lazima ukizunguke kisiwa, upite kaskazini yake na magharibi chini ya mlima La Soufrière wenye mita 1,467. Mabaharia wa kweli wanakwama pale kwa kivuli cha mlima. Gridi ya upepo wa mchezo, yaani miraba yake ya kuhesabia upepo, ni pana mno kwa kisiwa kidogo kama hicho, kwa hiyo usikimbilie mbali na pwani kwa kuogopa shwari uliyoisoma gazetini. Angalia rangi za skrini yako.

mzee_Shela

Assalam aleikum. Mjukuu wangu amenisomea haya yote, nami nimemwambia aandike.

Nilikuwa nahodha wa jahazi, tukipakia boriti Lamu kwenda Mombasa. Bi mpima amesema vizuri, sina la kumrekebisha. Naongeza la kubisha, yaani kwenda zigizaga kuukabili upepo, maana hapo mmekaa zaidi kwenye upepo wa nyuma.

Unapobisha una mikono miwili, wa kulia na wa kushoto wa upepo, mmoja utakukaribisha unakokwenda kuliko mwingine. Anza na huo unaokukaribisha. Kijana anapenda kwenda mbali upande mmoja akidhani atarudi kwa mkono mmoja mrefu. Upepo ukigeuka akiwa kule pembeni, ule mkono wa kurudi hauna faida tena. Sisi kwenye kusi tukienda Mombasa tulibisha vifupi karibu na nchi, kwa sababu alfajiri tulikuwa tunaungoja umande, upepo wa bara, nao ukitoka tunakwenda nao bila kubisha mpaka jua lipande. Mjukuu ameniambia humo kwenye simu umande hauonekani. Kama hauonekani, basi kaeni mbali na nchi, hakuna cha kungoja huko.

mpima_Tanga

Wa aleikum salaam, shikamoo mzee wangu. Hilo la mkono wa kwanza ni sahihi kabisa, na ndilo programu inalofanya kama upepo hautabiriwi kugeuka. Ukitabiriwa kugeuka ndipo tunakwenda kwanza upande unakotokea upepo mpya. Na ni kweli, umande haumo. Gridi haiuoni.

chumvi_kidogo (Kigamboni)

Shikamoo mzee, shikamoo dada. Nimesoma mara tatu. Pola nimeichora nyuma ya karatasi za risiti, nimezibandika nne pamoja.

Nimeingia mbio nyingine zilizoanza juzi, njia karibu ileile. Sasa hivi ni saa tano usiku, niko 36 Kaskazini, 17 Magharibi. Upepo unatoka nyuzi 30, noti 15. Kwa pembe ya 150 nina omo mbili: 240, ambalo linaelekea Karibi karibu kabisa, au 180, kusini moja kwa moja. Rafiki yangu ana kompyuta, ameniendeshea qtVlm mara mbili kama ulivyosema. Utabiri wa mchana ulisema niende 240 kwa saa sita kisha nishuke. Wa jioni hii unasema 180 sasa hivi, kwa sababu mgandamizo unashuka kusini na shimo litakuwa mbele yangu kesho jioni. Nikichukua 180 nitaporomoka nafasi maelfu. Nifanyeje?

mpima_Tanga

Chukua 180 sasa. Njia mbili zimeachana mapema, na ile ya 240 ikikosea inakurudisha ulikolia wiki iliyopita, ile ya 180 ikikosea imekugharimu maili tu. Funga pembe, spinaka juu, na usifungue ukurasa wa nafasi.

Utabiri wa usiku ukiingia, angalia upepo kwenye latitudo ya 33 saa utakayofika pale. Kama unatoka nyuzi 60, geuza ukifika hapo: kwa pembe ya 150 omo litakuwa 270, magharibi kamili, na shimo litabaki kaskazini yako. Kama bado ni 40 au 45, endelea kushuka.

chumvi_kidogo (Kigamboni)

Saa nane na dakika ishirini usiku. Upepo mpya umeingia. Kwenye 33 unaonyesha nyuzi 58, noti 17, na shimo limeshuka zaidi ya walivyosema jioni. Mstari wa 240 niliotaka kuuchukua unapita katikati yake, nimeuona kwa macho yangu, rangi imekuwa nyeupe kabisa.

Nakwenda noti 11.6, omo 180, pembe 150, spinaka. Nitageuza leo mchana, nimeweka kengele. Lori la mafuta linaingia, nitaandika nikishageuza.

chumvi_kidogo (Kigamboni)

Nimegeuza. 32.9 Kaskazini, omo 270, upepo nyuzi 60, kasi yangu noti 12.3. Walio kaskazini yangu mashua zao hazisogei, nimegusa ishirini na mmoja wao, mwenye kasi kubwa ana noti 3.